Pambizo za Makala ya Biryogo

Jumatano, 1 Machi 1978

Wamekubali kuisoma! Barua ya jarida la historia la Dar es Salaam imefika dukani. Makala yangu kuhusu mtaa wetu, "Waswahili Walivyofika Biryogo", itasomwa na watu wenye digrii. Mimi, fundi cherehani! Masharti: ipigwe chapa, pambizo sentimita nne kila upande. Munyaneza, dereva wa lori, ataondoka nayo Jumatatu.

Habari zote nimezipata kwa Shangazi Swafiya. Ndiye pekee aliyebaki anayekumbuka. Yuko kitandani, miguu imevimba. Ameomba nimsomee, asikie kama nimemweka marehemu mumewe mahali pake. Nimemwambia asubiri, iwe safi kwanza. Mtu mzima hasomewi makala iliyofutwafutwa.

Alhamisi, 2 Machi

Uwimana, karani wa Kimisagara, amemaliza kupiga chapa. Nimepima kwa futi yangu ya kushonea. Pambizo ni tatu. Tatu! Nikamrudia. Akasema anayepima karatasi kwa futi ya suruali atafute karani mwingine. Kiburi tu.

Mwalimu Twahiru, jirani yangu, kapita dukani. Eti wasomi hawatasoma makala inayonuka pasi ya mkaa. Wivu huo!

Ijumaa, 3 Machi

Nimepata dawa. Nguo ikibana, fundi huongeza kitambaa. Basi baada ya swala nimekata vipande vya karatasi, nikaviunga kwa cherehani, kurasa zote, mshono mdogomdogo. Zikapendeza! Nikazipiga pasi. Nikainua ukurasa wa kwanza. Pambizo ikabaki mkononi, historia ikaanguka sakafuni. Sindano imetoboa karatasi, sasa inachanika kama stempu. Yebabawe! Kurasa zote!

Shangazi amemtuma bintiye, Mukashema, kuuliza kama naenda kusoma leo. Nimesema kesho, inshallah.

Jumamosi, 4 Machi

Umuganda asubuhi, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima. Tumechimba mtaro, Twahiru kando yangu. Akaniomba zile kurasa zilizochanika, akamsomee Shangazi hivyohivyo, maana hali yake si nzuri. Mimi mjinga? Nimpe, kesho aweke jina lake? Nikamwambia ziko kwa karani.

Kisha nikazipeleka mbio kwa karani, pamoja na sambusa na maneno ya kuomba radhi. Uwimana kala sambusa, kanuna kidogo, kakubali kuipiga upya. Kesho itakuwa tayari.

Jumapili, 5 Machi

Shangazi amefariki alfajiri. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Tumemzika baada ya adhuhuri. Nimelia mbele za watu, wala sikuona haya. Nimerithi jina la babu, kwa hiyo aliniita "baba" tangu niko mtoto. Nani ataniita hivyo tena?

Mukashema ananiambia mama yake aliuliza mpaka mwisho: bado anapima karatasi?

Jioni nimepita kwa Uwimana. Pambizo nne kamili! Lakini sasa kila penye jina la Shangazi panatakiwa "marehemu", na neno moja linasukuma mistari yote. Nimemwomba aanze upya. Amefunika mashine yake, akazima taa.

Jumanne, 7 Machi

Lori liliondoka jana bila makala. Si neno. Munyaneza atasafiri tena.

Leo khitma. Baada ya kisomo, Mzee Gasana, kaka wa marehemu, akaniita mbele ya wote. Amekuja kutoka Ndera. Kumbe naye anakumbuka, hata majina ambayo dada yake aliyasahau, na sasa amebaki yeye tu. Kama makala iko tayari nusu, nimsomee hapahapa, arekebishe. Twahiru naye akaweka kikombe chini, akanisihi nisome.

Niwasomee watu wazima makala ambayo "marehemu" hajakaa sawa? Nikamwambia kwa heshima zote: mzee wangu, vumilia, wiki ijayo itakuwa safi.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akakohoa mpaka Mukashema akamshika mabega. Ni baridi ya mvua tu. Mzee yule bado imara.