Mkalimani wa Harusi ya Yadira

Jumatatu, 2 Juni

Siku njema kuliko zote tangu mwaka uanze! Nimepata kazi. Siyo ile ya kubeba magunia ya unga kwenye duka la mikate la shemeji yangu Fidencio. Hiyo ninayo na siitaki. Hii ni kazi ya heshima. Mimi, Wenceslao Cantú, sasa ni mkalimani.

Ilikuwa hivi. Asubuhi Doña Ubaldina Sepúlveda alikuja kununua mikate yake mitamu, uso umemkunjamana. Mjukuu wake Yadira, aliyemlea mwenyewe tangu mtoto hajaota meno, anaolewa Jumamosi na kijana wa Minnesota, kule kwenye theluji. Wazazi wa kijana hawajui Kihispania hata cha kuombea maji. Doña Ubaldina hajui Kiingereza hata cha kukatalia. Na anataka aseme nao kwenye karamu, kwa mdomo wake, kabla hajawapa mtoto. Akasema anapitia kwa Mwalimu Leonor Tijerina kumwomba amkalimanie.

Leonor! Mwalimu mstaafu, aliyefundisha Kiingereza nusu ya mji wetu wa El Paso. Harusi ni Leonor, msiba ni Leonor. Wengine tufe?

Nikamwambia Doña Ubaldina asijisumbue. Nikamwambia nilikuwa mkalimani wa wageni katika hoteli kubwa ya Houston, miaka na miaka. (Nilikuwa naegesha magari. Lakini nani alikuwa anawaambia wageni gari lao liko wapi? Mimi. Kwa lugha gani? Basi.)

Akanishika mikono yote miwili, akasema Mungu ndiye aliyenileta. Nilijisikia vibaya kidogo. Ikapita.

Nitakaa meza kuu! Nitashika kipaza sauti! Fidencio amesema mimi siwezi kutafsiri hata kubweka kwa mbwa. Wivu mtupu.

Jumanne, 3 Juni

Doña Ubaldina kaja kunionjesha atakayoyasema. Tulikaa nyuma ya duka, juu ya magunia. Hana karatasi, hana nini, yote yako kifuani.

Jamani, yule mama anajua kusema! Hasemi kwamba Yadira ana bahati. Anasema aliyezaliwa awe tamali, kile chakula cha unga wa mahindi kinachofungwa kwenye majani, basi majani ya kumfungia humdondokea kutoka mbinguni. Hasemi kwamba yeye ni mtu wa kusema wazi. Anasema hana nywele ulimini. Hasemi kwamba bwana harusi ni mwema. Anasema kijana yule ni mkate. Mkate! Nilisahau kabisa kwamba niko kazini. Nilikaa nimeachama kama mtoto aliyepelekwa sarakasi.

Alipoondoka nikafungua kamusi. Balaa! Kumbe Kiingereza ni lugha yenye njaa. Sisi mtu mwenye jina kama lako ni *tocayo*, somo wako, na mkishaitana hivyo mmeshakuwa ndugu. Wao wana neno kavu la kuchongea makaburini, huwezi kumwita mtu nalo barabarani. Sisi tuna neno moja tu la kuzindua nguo mpya. Wao hawana, sijui nguo zao mpya wanazianzaje. Sisi mtu akizidiwa na utamu tunasema amekinai. Wao wanakula keki mpaka inawatokea puani na hawana la kusema.

Nimeamua. Nitawapa neno kwa neno, waonje wenyewe utamu wetu.

Jumatano, 4 Juni

Leo nilikuwa na mpango. Kumwondoa Leonor njiani, kwa adabu. Nilikwenda kwake kumweleza kwamba viti vimejaa, kwamba Doña Ubaldina anampenda sana lakini ukumbi ni mdogo, na kwamba joto la Juni si zuri kwa watu wa umri wetu.

Alinifungulia mlango na aproni kiunoni. Akanipa maji ya rozela, baridi, matamu, yenye barafu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba yeye ni mama wa ubatizo wa Yadira na atakaa meza kuu, karibu kabisa na kipaza sauti.

Nani alijua? Inaonekana mji mzima, isipokuwa mimi.

Sikuonyesha kushtuka. Nilitafuna barafu. Naye, kwa upole tu, akaniuliza zile nywele za ulimini nitazisemaje kwa Kiingereza. Nikamjibu papo hapo: nitasema, ulimi wangu umenyolewa.

Mwalimu Leonor alivua miwani. Akaifuta. Akaivaa tena.

“Don Wences,” akasema, “Mungu alipokuumba wewe alikuwa na nafasi siku hiyo.”

Nikamshukuru. Nikamuuliza yeye angesemaje. Akasema yeye angejiuliza hao watu wenyewe, wakiwa jikoni kwao, humsemaje mtu asiyezunguka mbuyu. Akasema wao husema mtu huyo huita sepetu sepetu. Nikacheka! Sepetu! Nani ametaja kulima?

Lakini nilikaa. Nikamtajia maneno mengine ya Doña Ubaldina, moja baada ya jingine, nimkamate. Kila mara alifumba macho kidogo, kama mtu anayeonja chumvi ya supu, kisha akatoka na kitu cha Kiingereza kisichofanana hata kidogo na chetu, na bado ni kilekile. Sijui anafanyaje. Nikatamani nipige makofi. Nilirudi nyumbani kwa miguu, jua linanichoma utosini, nikijiambia kwamba yule mwanamke ni hazina.

Lazima nimshinde.

Ijumaa, 6 Juni

Wageni wamefika! Dale Halvorson, baba wa bwana harusi, mtu mkubwa kama kabati la nguo na mwenye maneno machache kama kabati hilohilo. Mkewe Judith, mwembamba, mchangamfu, amebeba sahani ya biskuti alizopika mwenyewe na kuzilinda safari nzima ndani ya ndege. Doña Ubaldina aliwaalika kwake kula. Jaribio langu la kwanza.

Tulianza vizuri. Doña Ubaldina akawaambia hapa wako nyumbani kwao. Nikatafsiri: hii ni nyumba yenu. Judith akasema hapana, ahsante sana, wao wana nyumba Minnesota na wangependa kubaki nayo. Dogo hilo.

Kisha Doña Ubaldina akamshika shavu bwana harusi, Kurt, akasema kijana huyu ni mkate. Nikatafsiri kama ilivyo. Dale akafikiri. Akauliza, mkate kwa vipi? Hapo sikuwa na maandalizi. Nikasema labda kwa kuwa ni mweupe na laini.

Kurt akajitazama mikono. Yadira akaingia jikoni ghafla na nikasikia anacheka huko, au analia, mlango ulikuwa umefungwa.

Lakini msiba wenyewe ulikuwa *ahorita*. Judith aliuliza kwa adabu chakula ni saa ngapi. Doña Ubaldina akajibu, ahorita. Neno dogo kabisa! Ni “sasa”, halafu limepunguzwa kidogo, likawa kasasa. Nikatafsiri: sasa hivi.

Wakasimama. Wote wawili. Wakachukua sahani, wakajipanga mbele ya jiko la nje, Dale mbele, Judith nyuma yake. Mkaa ulikuwa haujawashwa. Nyama ilikuwa bado kwa mwenye bucha. Kila mtu hapa anajua ahorita ni kati ya sasa na siku ya kiyama, lakini ningewaambiaje watu walioshika sahani? Wakasimama. Doña Ubaldina akaninong’oneza, wana nini hawa, wana njaa kiasi hicho, maskini? Akatuma watu wakimbilie nyama. Dale alisimama mpaka jua likahama upande wa pili wa uso wake, hajalalamika hata mara moja. Taifa la watu wavumilivu! Ninawaheshimu sana.

Fidencio, aliyealikwa kuchoma nyama, alinipita na koleo la moto akasema, “Shemeji, kesho ukishika kipaza sauti mimi nitakuwa nimekaa karibu na mlango.”

Mtu asiye na maono.

Jumapili, 8 Juni

Jana sikuandika. Nilikuwa na mambo. Sasa niandike yote, kabla watu hawajayaharibu kwa kuyasimulia vibaya.

Ukumbi ulijaa. Yadira alikuwa anang’aa hata mtu akashindwa kumtazama. Suti yangu ilinibana kwapani lakini kwa mbali ilipendeza. Baada ya chakula Doña Ubaldina akasimama, mdogo, nguo ya buluu, nywele zimesukwa. Nikasimama pembeni yake na kipaza sauti. Leonor alikuwa amekaa upande wa pili. Alinitazama kwa huruma, nami nikamtazama kwa huruma yangu.

Doña Ubaldina akaanza kwa kusema hana nywele ulimini. Nikanguruma kwa Kiingereza kwamba ulimi wake umenyolewa.

Upande wa Minnesota ukaangua kicheko. Si kicheko kibaya, walidhani ni mzaha. Lakini Doña Ubaldina hakucheka. Akanigeukia. Akaniuliza kwa sauti ndogo, “Wanacheka nini, Don Wences? Nimesema nini?” Nikamwambia ni furaha. Hakuniamini.

Kisha akamtazama Yadira. Akaacha yote aliyonionjesha juu ya magunia. Akasema alimpokea mtoto huyu amefungwa taulo, wiki ileile aliyomzika binti yake, mama wa mtoto. Akasema hakuwa na nguvu ya kulea, lakini mtoto hakumuuliza kama ana nguvu. Akasema, huyu ndiye *niña de mis ojos*, mboni ya jicho langu. “Ninyi mnakwenda naye kwenye theluji,” akasema, “mimi nabaki na jicho tupu. Basi msimwache apate baridi.”

Kila mtu ananitazama. Na mimi nimeshika kipaza sauti, machozi yananitiririka hadi kwenye tai, ninasubiri aendelee! Nilikuwa nasikiliza. Nilisahau kabisa kwamba kuna kutafsiri.

“We Wences!” Fidencio akafoka kutoka mlangoni. “Tafsiri! Umekuwa nguzo?”

Nikafungua mdomo. Hewa tupu.

Ndipo Leonor akainuka. Hakuninyang’anya kitu. Alisimama nyuma ya bega la Doña Ubaldina, karibu hata vivuli vikawa kimoja, akasema yote kwa Kiingereza, polepole, kwa sauti ya chini, kama vile ni Doña Ubaldina mwenyewe ambaye amefunguliwa lugha. Taulo. Kaburi. Baridi. Alipofika kwenye mboni ya jicho akasema tofaa. Ndiyo, wao husema tofaa la jicho! Ningecheka, lakini Judith alikuwa ameshazika uso kwenye kitambaa cha kujifutia na mabega yanamtikisika. Ukumbi mzima haukutikisa kijiko. Mimi mwenyewe nilielewa maneno ya Doña Ubaldina mara ya pili, vizuri kuliko ya kwanza. Nani anaweza kitu kama hicho? Nilimtazama Leonor nikasahau suti inanibana.

Doña Ubaldina akamgeukia Dale. Akamuuliza moja kwa moja, “Utampenda kama wa kwako?” Leonor akatafsiri.

Dale akasimama. Kabati zima. Akasema maneno mawili: “You bet.”

Na maneno hayo mawili niliyajua! Nimeyasikia Houston kila siku, wageni wakiletewa gari. Hatimaye! Kabla Leonor hajavuta pumzi nikanguruma kwenye kipaza sauti:

“Anasema: weka dau!”

Leonor akafumba macho. Fidencio akajifunika uso kwa kofia. Yadira akashika mkono wa Kurt kama mtu anayeangukia shimoni. Doña Ubaldina alimtazama Dale kwa muda mrefu, juu hadi chini, kama anayemkagua fahali sokoni.

“Dau?” akasema. Kisha midomo ikamcheza. Kisha akacheka, kile kicheko chake chenyewe, cha kutoka tumboni. “Mwambie nimeshaweka. Nimemweka Yadira, na sikubakiza kitu nyumbani.”

Leonor akatafsiri. Sauti yake ilikatika katikati, mara ya kwanza kumsikia hivyo. Dale akazunguka meza, akaangusha chupa ya maua, akainama, akamkumbatia Doña Ubaldina mpaka nguo ya buluu ikapotea yote. Nikasogeza kipaza sauti karibu yao, nipate la kutafsiri. Hawakusema kitu.

Baadaye, muziki ukipigwa, Leonor alinieleza kwamba maneno yale mawili maana yake ni “bila shaka”, basi. Nikamwambia najua, lakini langu lilikuwa na nguvu zaidi. Alicheka mpaka akashikilia kiti. Kisha akacheza nami wimbo mmoja, mzima. Mmoja wetu alimkanyaga mwenzake. Sikumbuki ni nani, ila yeye ndiye aliyechechemea.

Jumatatu, 9 Juni

Dukani hakuna habari nyingine. Watu wote wanasema dau ndilo lililoiokoa harusi. Yaani, mimi ndiye ninayesema, na wao hawabishi sana. Fidencio anasema kipofu naye huokota embe. Nimemsamehe.

Habari kubwa! Duka la dobi la jirani limenunuliwa na familia ya Kikorea. Wanafungua Alhamisi kwa sherehe, na babu yao atahutubia mtaa kwa Kikorea. Walikuwa wanahangaika nani atamtafsiria. Nikawaambia wasihangaike.

Leonor aliingia kununua mkate nikiwa nalieleza hilo. Akaniuliza kama najua Kikorea. Nikamweleza kwamba lugha ni lugha, Mwalimu, mtu akishakuwa na kipaji tofauti ni herufi tu. Akaweka mkate chini. Akauliza sherehe inaanza saa ngapi. Akasema atawahi, akae kiti cha mbele kabisa.

Maskini, anataka kujifunza.