Mate ya Sista na Harusi Iliyokwama Langoni

Kebirigo, Nyamira,
Jumapili asubuhi, kabla ya kukamua.

Kwa Ndugu Mratibu,
Mtandao wa Maabara Rejea za Magonjwa ya Mifugo za Kanda.

Kupitia kwa Bi. Marion, Afisa wa Mifugo wa hapa kwetu, ambaye ndiye pekee anayeruhusiwa kutoka na kitu kwenye lango langu.

Ndugu Mratibu,

KUH: OMBI LA KUVUNJWA KWA USHIRIKIANO WENU

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mtu asiyeweza kuzileta mwenyewe. Uniwie radhi kwa harufu ya dawa. Barua hii imenyunyiziwa mbele na nyuma kabla ya kupewa ruhusa ya kusafiri. Mimi ni Abner Mogire, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkulima wa chai na ndizi, mume wa Gesare, baba yake Jasper, na mwenye ng'ombe aitwaye Sista. Huyo wa mwisho unamjua. Mate yake yako kwenye friji yako.

Tulimwita Sista kwa sababu tulimnunua kwa Wakatoliki na kwa sababu hana kelele. Mvua zilipoanza, alianza kudondosha mate na kuchechemea. Bi. Marion akaja, akamtazama mdomoni, akasema huenda ni ugonjwa wa midomo na miguu. Akachukua mate na kipande cha ngozi ya lengelenge la ulimi, akatia kwenye kichupa, kisha akalifunga boma langu kwa karantini: ng'ombe asitoke, ng'ombe asiingie, mpaka majibu yarudi. Hapo sikulalamika. Nilidhani majibu hurudi kama watoto wa shule, yakichelewa sana ni jua likizama.

Sasa Sista amepona na ananenepa. Majibu hayajarudi, na kwa sababu hayajarudi, kijana wangu Jasper hawezi kuoa. Naomba nieleze malalamiko yangu kwa mpangilio, kama nilivyowafundisha wengine kuandika.

1. Kuhusu safari. Niliambiwa kwamba maabara ya hapa nchini ilikiona kirusi mara moja, lakini ili kijulikane ni cha aina gani hasa, na chanjo ipi inakifaa, ikaona vyema kuwashirikisha majirani. Mate yakapelekwa kusini. Kusini wakayapokea, wakashukuru, wakapendekeza magharibi nao wayaone. Magharibi wakasema haifai wayaone wao halafu kaskazini wasiyaone. Yamesafiri kwa ndege, ndani ya sanduku la barafu, yakiwa na barua ya wizara. Mimi tangu nizaliwe sijapanda ndege, na sasa siruhusiwi hata kumvusha ndama barabara. Gesare anataka kujua, na ameniagiza nikuulize kwa heshima, kama mate yenye ugonjwa yanaweza kuvuka mipaka ya nchi, kwa nini ng'ombe wa mahari aliyepona asiweze kufika kwa wakwe pale Mosocho, ambako mtu huenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

2. Kuhusu mtihani. Bi. Marion alinieleza, tena kwa furaha, kwamba mate ya Sista ni mazuri mno hata yamechaguliwa kuwa sampuli ya kulinganishia. Yanagawiwa kwa maabara zote za kanda, kila moja inapima bila kuambiwa jibu, kisha zinakutana hotelini kuangalia kama zimekubaliana. Yaani ng'ombe wangu amekuwa mtihani.

Ndugu Mratibu, mimi nimesimamia mitihani miaka mingi. Watahiniwa wakikaa meza moja, wakaonyeshana karatasi, wakajadiliana mpaka wote wawe na jibu moja, hakuna msimamizi anayeita jambo hilo ushirikiano. Matokeo hufutwa na wazazi huitwa. Niko tayari kuitwa. Na kama kuna maabara iliyofeli, ningependa kuambiwa ni ipi, kwa kuwa mimi ndiye niliyetoa karatasi.

3. Kuhusu beseni. Sisi Abagusii tuna heshima ya wakwe tunayoiita chinsoni. Mkwe hasemeshwi ovyo, hatazamwi ovyo, na wala huwezi kumwambia avue hata kofia. Mzee Machogu, babake Beverlyne, msichana ambaye Jasper anataka kumwoa, ana duka la magodoro pale Mosocho na anajulikana. Wiki iliyopita alikuja na wazee wake kuwaona ng'ombe wa mahari, kama desturi inavyotaka. Mbele yao alitembea Mama Persis, mshenga wetu, ambaye kwa lugha yetu ni esigani, amevaa kitambaa kipya kichwani.

Langoni wakakuta beseni la dawa, na Bi. Marion amebeba pampu mgongoni. Kila anayeingia atumbukize viatu. Mzee Machogu alikuwa amevaa viatu vyeusi vilivyopigwa rangi mpaka vinaonyesha mawingu. Akasimama. Wazee wake wakasimama. Mama Persis akaanza kutazama migomba yangu kama mtu anayetaka kuinunua. Sasa niambie wewe, mkwe wangu aingie kwangu kwa kuogeshwa kwato kama mbuzi wa sokoni, na mimi nimesimama pale natazama?

Nilifanya ambalo angefanya mtu yeyote aliyelelewa. Nililisukuma beseni kando kwa mguu wangu, nikamkaribisha apite, naye akapita mkavu. Akaenda moja kwa moja kwa Sista, akampanua mdomo kwa mikono yake, akayakagua meno, akajipangusa kwenye koti, akaonekana kuridhika. Nilijisikia vizuri sana. Ndipo Bi. Marion, msichana niliyemfundisha mimi mwenyewe kuandika jina lake, akanigombeza mbele ya mkwe wangu, eti ng'ombe aliyepona anaweza kukaa na kirusi kooni na mtu asijue. Hata mimi nimekaa na mengi kooni miaka yote ya kazi, na hakuna mwalimu mkuu aliyenifungia boma. Akamaliza kwa kuongeza muda wa karantini.

4. Kuhusu kanisa. Jina langu sasa husomwa kwenye matangazo ya Sabato, baada ya waliolazwa na kabla ya waliofiwa. Waumini wananisalimia kwa kupunga. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye hakuwa amesikiliza vizuri matangazo, aliombea mdomo wa Mwalimu upone, na Gesare akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

5. Kuhusu Jasper. Hili ndilo linaloniuma. Mzee Machogu aliporudi kwake alianza kuwaza, na mfanyabiashara akianza kuwaza huwa hasimami njiani. Amesema yeye amemwona ng'ombe kwa macho yake, amemshika kwa mikono yake, hana ugonjwa wowote. Basi karantini ni ujanja wangu, na hizo maabara za nchi za mbali nimezitunga nikiwa nimekaa chini ya migomba yangu. Nilimtuma Mama Persis na pendekezo kwamba thamani ya ng'ombe itumwe kwa simu. Akajibiwa kwamba Mosocho hakuna zizi la simu. Mzee anataka ng'ombe anayetembea kwa miguu yake, majirani wamwone akipita mbele ya duka. Mpaka siku hiyo, Beverlyne hatoki.

Kanisa limeshapangwa na keki imeshaagizwa kwa mwokaji mjini Kisii. Kijana wangu ni fundi wa umeme, mtu mzima, hajawahi kunisumbua, na sasa ameacha kula. Jioni anakaa juu ya ndoo karibu na zizi, anamtazama Sista akicheua. Anachukua simu, anaiangalia, anairudisha mfukoni. Mimi ni baba yake. Namwona mwanangu akikonda na ng'ombe akinenepa, na sina la kufanya, kwa sababu ufunguo wa lango langu unazunguka kwenye nchi za watu ndani ya sanduku la barafu.

Kwa hayo yote, Ndugu Mratibu, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo.

Kwanza, ushirikiano wenu uvunjwe. Mkosane. Haihitaji sababu kubwa. Hapa kwetu ndugu wa tumbo moja wamekosana kwa mgomba mmoja ulioegemea upande usio wake. Maabara zikinuniana, kila moja itatoa jibu lake upesi ili kuiaibisha nyingine, nami nitachagua lile linalonifaa.

Pili, kama mmeshazoeana mno na kukosana kunawawia vigumu, basi mnitumie mjumbe wa mtandao aje asaidiane na Mama Persis. Aketi mbele ya Mzee Machogu, ale anachopewa, aeleze kirusi ni kitu gani, na asiondoke kabla mzee hajacheka.

Tatu, na hili nimelifikiria sana, kila nchi mwanachama itoe ng'ombe mmoja kwa ajili ya mahari ya Jasper. Mate ya Sista yamepita kwenye meza zenu zote. Hilo limeshatufanya ndugu, na ndugu huchangiana kukiwa na harusi. Najua kwamba ng'ombe akivuka mpaka sharti apimwe na maabara zenu. Apimwe. Nina hakika kwa ng'ombe wenu wenyewe mtakuwa wepesi.

Nisalimie wote huko: wapimaji wa kusini, magharibi na kaskazini, yule anayefungua friji asubuhi, na rubani, kama mnafahamiana. Gesare anawasalimu. Sista hana neno.

Wako katika utiifu na ndani ya lango,
Mwl. Abner Mogire.

Baada ya kutia sahihi:

Imebidi nifungue tena bahasha. Mama Persis amefika sasa hivi na amechovya viatu kwenye beseni bila kuambiwa, hapo nikajua kuna jambo. Ng'ombe wa Mzee Machogu wanadondosha mate, zizi zima. Boma lake limefungwa na beseni limewekwa langoni kwake, na naambiwa anachovya yeye mwenyewe, akiingia na akitoka, viatu vile vile. Mate yao yalipopelekwa maabara, jibu lilitoka siku hiyo hiyo, kwa sababu kila mpimaji katika kanda hii alikuwa ameshakijua kirusi hicho kutoka kwa Sista. Chanjo inayokifaa imeshaanza safari kuja kwetu Nyamira na kwao Kisii, kabla maboma mengine hayajaguswa. Hilo la mtihani nalifuta. Mmepita wote.

Lakini kubwa ni hili. Karantini ya Mosocho nayo inasema ng'ombe asiingie. Mzee hawezi kumpokea Sista hata nikimpeleka nimembeba mgongoni. Keki imeshaokwa, wageni wameshaalikwa, na mzee ni mtu mwenye jina. Amemtuma Mama Persis aseme kwamba watoto waoane, ng'ombe watafuata siku ambayo maabara zitasema wafuate. Jasper amekula ugali wake, kisha amekula wangu.

Kwa hiyo, Ndugu Mratibu, tafadhali msikosane. Endeleeni kupendana hivyo hivyo. Nani alimwambukiza nani, nasikia mna mitambo ya kulijua hilo, lakini nawasihi msilichunguze. Hayo ni mambo ya wakwe. Mjumbe asije. Na kama jibu rasmi la Sista, lile lenye muhuri, limeshapatikana, msilitume bado. Tafuteni kwanza nchi ambayo haijayaona mate yake, muyapeleke huko, wayapime taratibu bila kuharakishwa. Mjukuu wangu wa kwanza akishaanza kutembea, hapo mnaweza kutujibu.