Bibi wa Mbweni Ananukia Iliki

Kwaru, kwaru, kwaru. Mkadam alikuwa bado kwenye giza la ukumbi, jua la njiani limemziba macho, lakini masikio yalishamwambia kuwa uani kuna mtu anakuna nazi.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu," akajibu Bi Mwanapili, bila ya kuinuka kwenye mbuzi yake.

Kazi ya Mkadam ilikuwa kununua vitu vya kale kwa bei ya vitu vibovu. Macho yalipozoea, akaiona ukutani, pembeni ya kalenda: picha ya penseli, mwanamke wa Mbweni na mtungi kichwani. Akatoa kioo cha fundi saa, akakibandika jichoni. Nukta hakuna! Penseli imeacha michirizi kwenye karatasi. Mkono wa mtu huo, tena wa zamani! Mzee Mmanga wa duka la Malindi angeitolea roho.

"Masikini, Bi Mwanapili," akasema kwa sauti ya matangani. "Chapa tu hii. Imetoka mtamboni na wenzake elfu."

"Huyo bibi yangu mzaa mama. Hatuna sura yake nyengine."

"Chapa, nakwambia! Lakini mimi nna huruma. Ntakupa pishi nne za mchele."

Mchele! Mwaka ule watu walikuwa wakiupangia foleni tangu alfajiri. Mbuzi ikanyamaza.

"Ami, umejuaje?" akauliza Wanu, binti wa Bi Mwanapili, wa miaka mitano.

Mkadam alikuwa na maradhi ya wajanja wote: hawezi kujua kitu akakaa nacho. Akamwekea mtoto kioo kwenye kalenda.

"Nukta nukta!" Wanu akacheka.

"Basi ndiyo chapa hiyo. Mkono wa mtu hauna nukta, unaburura penseli."

Wanu akakihamishia kioo kwenye picha ya Bibi. Mkadam akampokonya kioo kama aliyeungua.

Bi Mwanapili aliuona mpokonyo ule. Na huyu ndiye aliyewachorea kofia za kushona nusu ya wanawake wa Mkunazini. Penseli ilimtii kama mtoto mwema.

"Njoo kesho alasiri na mchele wako," akasema kwa upole. "Leo niache nimuage bibi yangu."

Kesho yake Mkadam akaja na mchele, akabandika kioo. Nukta hakuna, michirizi ipo. Akaikumbatia picha na fremu yake, mbio mpaka Malindi.

Mzee Mmanga hakutoa kioo. Alitoa pua.

"Ya lini hii?"

"Ina miaka themanini, mzee wangu."

"Yote imekaa ndani ya chai? Inanukia iliki. Na hili jani lililoganda pembeni, ndiyo sahihi ya mchoraji?"

Mkadam akarudi Mkunazini anatoka moshi.

"Bi Mwanapili! Umenipa ya uongo!"

"Ina nukta?"

"Haina!"

"Basi imechorwa kwa mkono, si ndivyo ulivyotusomesha?"

"Mkono wa nani?"

"Wangu. Wewe jana ulitaka chapa, leo nimekupa kazi ya mkono. Wa kushukuru nani hapo?"

Majirani wa barazani walishageuza shingo. Mkadam aseme nini? Kuwa ile ya jana ilikuwa na thamani? Akatoka akipapasa kwenye giza la ukumbi, na harufu ya wali wa nazi ikamsindikiza mpaka mlangoni.

Wanu akaivuta kanga ya mama yake.

"Mama, mtoe Bibi chini ya godoro."