Kipa wa Bukavu na Wiketi Zangu

Jumapili, 2 Juni 1996
Kriketi ya leo wamenidondoshea mipira mitatu! Narusha mpira wa moto, mpigaji anaupiga vibaya, unapaa, unashuka polepole mikononi mwa mwenzangu. Akiudaka tu, mpigaji katoka. Puu! Chini! Niliwaambia mikono yao inafaa kupokea rambirambi tu. Hakuna aliyenisindikiza kituo cha tramu. Kapteni kasema nisipomtoa mpigaji hata mmoja Jumapili ijayo, nakaa benchi msimu mzima.
Sitaki benchi. Ukimtoa mpigaji, yaani ukipata wiketi, wenzako hukukimbilia na kukukumbatia. Tangu nitoke Mombasa, miezi minane, aliyenigusa Brussels hii ni daktari wa meno peke yake.

Jumanne, 4 Juni
Nimempata mdakaji! Jirani wa ghorofa ya juu, Bertin, Mkongo wa Bukavu, msafishaji wa hospitali kule Jette. Zamani alikuwa kipa wa soka! Nimemrushia viazi ishirini pale kwenye ngazi. Kadaka vyote. Mkewe, maman Émérance, alitugombeza kwa kuchezea chakula, kisha akanikaribisha mezani. Nilikataa. Nilikuwa nachora ramani ya uwanja.

Alhamisi, 6 Juni
Bertin kabisha hodi, kuuliza kama nimekula. Nilimshikilia mlangoni saa nzima. Nikamweleza kwamba mrushaji hata awe na kasi ya umeme, bila wadakaji ni bure. Kidole kimoja hakivunji chawa. Akakubali, akasema chakula kinapoa. Nikafunga mlango. Kriketi hajawahi kuiona. Sheria nitamfundisha kwenye tramu.

Jumapili, 9 Juni
Kwenye tramu alilala.
Nikamweka mpakani, penye kamba. Mpigaji kaupiga juu kabisa. Bertin karuka, maridadi! Angeweza kuudaka kwa mkono mmoja. Akaupangua kwa ngumi, nje ya kamba! Alama sita kwa wapinzani! Akainuka akijipiga kifua: "Haikuingiya, papa! Mupira haikuingiya!" Akapangua na wa pili. Kapteni akaninyang'anya mpira. Benchi!
Bertin hakuona kosa. Alikuja mbio, tope mwili mzima, akanikumbatia mbele ya watu wote. Akasema maman Émérance kapika sombe, kisamvu cha kwao, na kwaya nzima ya kanisa lao inanisubiri mezani.
Nilimsukuma. Kukumbatiwa bila wiketi hakuhesabiki.
Sasa nimo chumbani, natafuna mkate mkavu. Juu wanaimba, wanacheka, wanaburuta viti. Upweke unaniuma, sitaficha. Lakini kosa nimeligundua: kipa mmoja hatoshi. Kesho natafuta wawili.