Diploma ya Sévère

Mwaka wa hamsini na tisa, Uvira ilikuwa na balozi hata kabla Kongo haijapata uhuru! Aliishi Kilibula, nyuma ya fundi viatu, na jina lake Sévère.

Sévère alikuwa amewahudumia Wazungu mezani miezi minne. Hapo nyuma ya viti vyao, kitambaa mkononi, alijifunza eti siri zote za mataifa. Basi akafungua shule ya kufundisha mabalozi kwa vitendo. Tulikuwa wanafunzi wanne. Tulijifunza kuinama, kutabasamu bila kuonyesha meno, na kula maharagwe kwa uma. Kila siku tulirudi nyumbani na njaa yetu. Lakini mwisho wa masomo tungepata diploma yenye sahihi ya Bwana Direkta mwenyewe, yaani Sévère!

Kifaa cha kufundishia kilikuwa mkewe, Consolate. Kila mlo alisimamishwa nyuma ya kiti cha mumewe, kitambaa mkononi. Wiki ya tatu alikitupa kitambaa ndani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, akarudi kwao bonde la Ruzizi.

Bwana Direkta akakosa usingizi, maana alimpenda mkewe kweli. Akamsihi baba mkwe, Mzee Hatungimana, amrudishe. Mzee akakubali kuja Jumapili na binti yake, wayamalize.

"Mutaona diplomasi na macho yenu!" Sévère alituambia, akatupanga ukutani na madaftari yetu.

Kibuyu cha kasikisi, pombe ya ndizi, kikawekwa mbele ya mzee na mrija wake. Sasa, mtoto yeyote wa bondeni anajua kwamba mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni aone hakuna sumu. Sévère akainama mpaka tai ikagusa sakafu.

"Weye kwanza, baba mukwe."

"Hapana. Weye."

"Haiwezekani! Kwa bakubwa, mugeni iko wa kwanza!"

"Minye nasema, kunywa."

"Hata tone moja! Minye siigusi!"

Mzee akashika fimbo yake, akasimama. "Consolate, twende. Huyu muntu anataka kuniua mbele ya makarani!"

Sévère alibaki ameinama vilevile, anatabasamu bila meno, machozi yanamtoka. Nilimwonea huruma, jamani.

Consolate akaushika mrija. Akanywa. Akanywa tena, mpaka kibuyu kikaanza kukoroma! Mzee akamtazama kitambo, akaona haanguki, akaketi, akanywa.

"Namuacha hapa," akamwambia Sévère. "Bila yeye, weye utatuletea vita na dunia yote."

"Na ile kitambaa?" Consolate akauliza.

Sévère akakitwaa mwenyewe, akaenda kusimama nyuma ya kiti cha mkewe.

Shule ile ilitoa diploma moja tu. Sisi wanafunzi tuliandika juu yake jina la Sévère, na Consolate, ambaye hakujua kuandika, akaitia kidole gumba. Ilitundikwa sebuleni, na Bwana Direkta hakuthubutu kuitungua.