Nani Anamwaga Chakula cha Kuku Wangu?

Jumatatu, 3 Machi

Gunia la chakula cha kuku limekwisha tena! Mke wangu kaniita bandani, akanionyesha sakafu. Chakula kimetapakaa kila kona, kimechanganyika na mavi, hata kuku wenyewe wanakikwepa kama watu wanaoruka dimbwi. Akasema kwa upole (upole wake unanitisha kuliko kelele) kwamba tangu nilipoachishwa kazi ghalani, nyumba hii inaendeshwa na mayai anayompelekea yule mama muoka keki. Gunia jipya nalo likiishia sakafuni, kuku wote watahamia kwa dada yake.

Kwa dada yake! Maana yake kwa mwanyumba wangu, yule bwana aliyemwoa dada mtu. Juzi kanunua chombo cha kulishia kuku cha dukani, chekundu, akatutumia picha zake kwenye simu. Mbele, nyuma, ubavuni. Nani anapiga picha chombo cha kuku? Ana lake jambo.

Nimeamua. Sinunui ng'o! Natengeneza mwenyewe, kwa bomba la plastiki. Chakula kinashuka chenyewe, kuku anakula, hata punje haianguki. Nimeshachora. Mchoro upo chini ya godoro, upande wangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa fundi bomba wa mtaani. Kanipa kipande cha bomba na kona yake, masalio ya kazi. Bure. Kwa nini bure? Halafu akauliza nina kuku wangapi. Nikamwambia wapo wa kutosha. Akauliza bomba ni la nini. La choo, nikasema. Akatazama ule wembamba wake, akasema anakihurumia choo hicho. Nikacheka kidogo, nisije nikashukiwa.

Nimekata, nimegundisha, nimefunga kwenye nguzo ya banda. Mdomo wa chini nimeuacha mpana, kuku asipate taabu. Nikamimina chakula kwa juu. Kikatokea kwa chini. Chote! Kuku wakawa wanakula huku wamekisimamia, kimewafika mapajani. Mke wangu kachungulia, karudi ndani.

Mchoro hauna kosa. Nimeukagua tena. Kuna mtu.

Alhamisi, 6 Machi

Jaribio la pili: ndoo. Nimetoboa matundu karibu na kitako, nimeikalisha juu ya sinia, nimeweka sakafuni. Sinia ni lile la wageni. Mwenyewe hajaambiwa. Chakula kilishuka kwa adabu, nikasimama nikajipongeza.

Hadi mchana, sinia tupu, sakafu imejaa! Hapo hapo mke wangu kaliona sinia lake. Alipomaliza aliyokuwa nayo moyoni kuhusu sinia, akasema niinue ndoo, niining'inize usawa wa mgongo wa kuku, na chakula kwenye sinia kisifike ukingoni. Nikamuuliza hayo kayatoa wapi. Kwa shemeji, akasema.

Ahaa! Tangu lini mwanyumba akanitakia mema? Ndoo nimeiacha pale pale chini. Nimenyunyiza majivu kuzunguka banda. Anayekuja kumwaga chakula changu ataacha nyayo.

Ijumaa, 7 Machi

Nyayo! Kubwa, za mwanamume, kisigino cha kulia kimelika upande mmoja. Nimezunguka mtaa mzima nikitazama watu miguuni. Fundi bomba alipoona namkodolea viatu, akaniuliza kama nataka na hivyo bure. Visigino vyake vizima. Nikaomba radhi, nikaondoka.

Nilipofika nyumbani mke wangu akanizuia mlangoni, nivue viatu maana naingiza majivu ndani. Nikavua. Nikavigeuza. Kisigino cha kulia kimelika upande mmoja.

Kwa hiyo mtu huyu anavaa viatu vyangu!

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimemkamata. Nilijibanza bandani, nyuma ya viota, nimejifunika gunia tupu. Mke wangu akaja, akaokota mayai, akatoka, akapiga kufuli. Nikataka kumwita, lakini mpelelezi hapigi kelele. Akaenda zake kwa muoka keki. Joto! Harufu! Nikavumilia.

Ndipo akaja. Tetea mwekundu. Akaingiza mguu mmoja kwenye sinia, akachakura kama mtu anayetafuta ufunguo aliouangusha. Chakula kikaruka nyuma. Akaingiza mdomo, akapepeta kushoto, akapepeta kulia, akala punje, nyingine zote chini. Wenzake wakamtazama, kisha wakaanza na wao. Kiwango kile cha uharibifu kuku hajifunzi mwenyewe. Kafundishwa! Na tetea yule tuliletewa na nani? Na mwanyumba! Zawadi, eti.

Bado naunganisha mambo, kufuli likafunguliwa. Mke wangu, na nyuma yake mwanyumba mwenyewe, kaja kututembelea. Nikasimama na gunia langu kichwani.

"Mwanyumba," akasema, "unatafuta nini humo?"

"Hewa," nikamjibu.

Mke wangu akatazama pembeni. Mabega yalikuwa yanamtetemeka. Kwa kicheko au kwa kilio, sikuthubutu kuuliza.

Jumapili, 9 Machi

Nimemrudisha jasusi kwao, ndani ya kikapu. Mwanyumba akashangaa, au akajifanya kushangaa. Akasema huyu ndiye anayetaga kuliko wote, je, nina hakika? Hayo ndiyo maneno ya mtu anayeona mtego wake umeteguliwa. Nikamshukuru kwa heshima zote, nikaondoka upesi kabla sijakaribishwa chai.

Nyumbani pamechafuka. Mke wangu anauliza atamwambia nini muoka keki mayai yakipungua. Kisha akavuta kiti, akanipa mgongo. Hapo nikaogopa kwelikweli. Si kuogopa kuku kuondoka. Nimeogopa aondoke nao yeye.

Kumbe nilipokuwa kwa mwanyumba, mke wangu kaitundika ndoo kwa kamba kwenye boriti, sinia limefungwa chini yake, usawa wa migongo. Kamba mbaya, haina hata mpango. Nimeiacha kwa kumwonea huruma.

Jumatano, 12 Machi

Sakafu safi! Tangu juzi hakuna punje chini. Gunia limeshuka kidogo tu. Mke wangu kaniita bandani, kaning'ang'ania mkono, anacheka kama zamani. Kuku hawahami.

"Si nilikwambia, baba?" akasema. "Ni kimo tu. Wakiinua shingo hawawezi kuchakura."

Masikini. Anaamini ni kamba. Hajui kwamba chakula kimeacha kumwagika kwa sababu jasusi nimemwondoa mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Nikaitikia kwa kichwa. Furaha yake siwezi kuiharibu.

Jioni mwanyumba kapiga simu. Tetea mwekundu anataga kila siku, na kwenye chombo chao cha dukani hamwagi kitu. Bila shaka hamwagi! Nani anafanya hujuma kwao?

Nilidhani nitalala kwa amani. Lakini leo, nilipokuwa najaza ndoo, tetea mweusi alinitazama. Kwa jicho moja tu. Kisha akageuza kichwa polepole, akanitazama kwa lile la pili.

Nimemjua.