Bawa la Kabati

3 Juni, Jumatatu
Binti yangu wa kwanza anaolewa Jumamosi. Leo ametangaza, huku akitafuna karanga, kwamba atakwenda ukumbini kwa gari la mjomba wake. Mjomba mwenyewe ni shemeji yangu. Gari ni la Kijapani, la mbio: milango miwili, turbo mbili, bawa nyuma, limelala chini kama paka anayevizia. Nikauliza langu lina kasoro gani. Eti linakohoa! Gari lililompeleka shule miaka yote! Binti yangu atapanda gari la baba yake. Nimesema.

4 Juni, Jumanne
Nimesoma jarida la magari, kurasa kumi na nane. Siri ni tatu: hewa, bawa, uzito. Shemeji hujigamba kwamba lake hufika mwendo wa kilomita mia kwa saa ndani ya sekunde nne nukta tisa. Nimepima langu barabara ya kiwandani, mke wangu akishika saa. Thelathini na moja. Akasema angejua angekuja na viazi amenye. Hana imani huyu.

5 Juni, Jumatano
Seremala amenichongea bawa kutokana na rafu ya kabati. Fundi bati ametoboa boneti ili injini ipumue. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Mafundi wa siku hizi waoga! Muda mpya: thelathini na tatu. Bawa ni zito. Shemeji akapita, akalizunguka gari taratibu, akauliza nguo natundika wapi. Nikamjibu kwamba hata Wajapani walianza na mbao. Ushahidi sina.

6 Juni, Alhamisi
Uzito! Nimeng'oa gurudumu la akiba, zulia, redio na kiti chote cha nyuma. Ishirini na saba! Nilishangilia peke yangu. Mke wangu amekuta kiti sebuleni, akakikalia, akasema kinashinda makochi yetu.

8 Juni, Jumamosi
Mvua tangu alfajiri. Bibi harusi akafungua mlango wa nyuma wa gari langu, akakuta bati tupu na stuli ya jikoni. Nilikuwa nimeifunga kwa kamba, imara kabisa. Nikamwambia afikirie sekunde. Akasema anafikiria gauni. Nikawasha gari ili alisikie. Kimya. Maji yalipitia tundu la boneti, injini ikaoga. Shemeji, aliyekuja na lake, akamfungulia mlango kwa adabu. Heri angecheka. Viti viwili tu, wakaondoka. Mke wangu alishatangulia na mashangazi. Nikabaki uani na suti yangu.

Baada ya dakika kumi na mbili, ngurumo. Shemeji, peke yake. Akasema bibi harusi amesimama mlangoni mwa ukumbi, amegoma kuingia bila baba yake, na wakwe wanatazama saa. Nipande, mtoto ananingoja.

Nikapanda. Kiti kile kinamkumbatia mtu. Alipokanyaga mafuta barabara ya kiwandani, nikatoa saa yangu mfukoni polepole.

Mlangoni mwa ukumbi, binti alinishika mkono kwa nguvu. Machozi yalimlenga, hata mimi, kusema kweli. Akaninong'oneza kwamba angesubiri hata mpaka Jumatatu. Nikamnong'oneza: tano nukta mbili. Mjomba wako mwongo!

Kesho nang'oa milango.